Mwalimu Hajakosa Picha, Amekosa Maji

Kuna ugonjwa ulioenea katika miradi ya maendeleo ya nchi hii, nao ni ugonjwa wa kutibu sura ya jambo na kuliacha jambo lenyewe liendelee kuumwa. Mradi ukisinzia, hubadilishiwa nembo. Ukizidi kusinzia, hushonewa fulana. Ukikaribia kukata roho, hutengenezewa tovuti mpya. Mradi mmoja wa bustani za shule, ambao sitautaja kwa kuwa haustahili lawama kuliko wenzake, umefika sasa katika hatua hiyo ya tatu. Shule zimesajiliwa, mbegu zimegawiwa, mabango yamesimikwa malangoni, lakini walimu hawaji. Waandaaji wamekaa, wametafakari, wakafikia uamuzi kwamba kasoro iko kwenye tovuti: haivutii. Itasanifiwa upya ili iwavute walimu. Nami, kwa kuwa nafundisha chuo kikuu na kwa hiyo hudhaniwa kuwa najua walimu wenzangu wa shule za msingi wanataka nini, nimeombwa maoni.

Maoni yangu ni haya, na ninayatoa hadharani kwa sababu hayahusu mradi mmoja. Walimu hawajashindwa kuiona bustani. Wameiona, wameipigia hesabu, wakakataa. Mtu aliyekataa baada ya kupiga hesabu habadilishwi na picha nzuri zaidi. Hubadilishwa na hesabu nyingine. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mradi unaolazimika kujitembeza mbele ya mwalimu ambaye nyumba yake iko mita mia mbili kutoka shamba la shule una mengi ya kujiuliza kabla ya kumwita fundi wa tovuti.

Nimeipitia tovuti iliyopo, kisha nikaipitia rasimu ya ile inayokuja. Ya zamani ina picha ya mtoto aliyeshika fungu la karoti huku akicheka. Mpya ina picha ya mtoto huyohuyo, kubwa zaidi. Zote mbili zinataja idadi ya shule zilizofikiwa, ya watoto walionufaika na ya miche iliyopandwa. Zote mbili zina mahali pa kubonyeza ili kuchangia. Kwa mwalimu ipo sentensi moja, nayo inamwalika ajiunge na safari ya mabadiliko. Nilitafuta mahali panapoeleza maji yatatoka wapi, sikupaona. Nilitafuta panapoeleza bustani itasimamiwa katika kipindi gani cha ratiba, mavuno ni mali ya nani, na nani atamwagilia shule zikifungwa, sikupaona. Ukurasa huo haukuandikwa kwa ajili ya mwalimu hata kidogo. Uliandikwa kwa ajili ya mfadhili, na mwalimu akawekwa ndani yake ili mfadhili aone kwamba yupo.

Tumtazame basi huyu anayetakiwa kuvutwa. Chukua mwalimu yeyote wa kawaida katika shule ya msingi ya kijijini. Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, lakini walimu wengi wa vijijini watakwambia kwamba darasa la wanafunzi 45 wanalisikia kwenye nyaraka tu. Ana vipindi vya dakika 40 vinavyofuatana bila pumzi. Ana maandalio ya masomo, azimio la kazi, madaftari ya kusahihisha, zamu ya wiki na taarifa za mahudhurio. Na tangu mfumo wa PEPMIS ulipoingia katika utumishi wa umma, ana malengo ya kujaza na utekelezaji wa kuripoti, mara nyingi kwa simu yake mwenyewe na bando alilonunua mwenyewe. Mwisho wa mwaka shule yake haitapimwa kwa mchicha. Itapimwa kwa matokeo ya mitihani ya taifa, na akiitwa kujieleza, ataitwa kwa sababu ya Hisabati, hataitwa kwa sababu ya figili zilizonyauka.

Huyu ndiye tunayemwambia: pamoja na hayo yote, simamia na bustani. Saa hatumpi. Maji hatumpi. Mamlaka juu ya kilichovunwa hatumpi. Tunampa semina ya siku mbili, cheti, na kiungo cha tovuti. Mkono mtupu haulambwi. Naomba nieleweke vizuri hapa, maana wapo watakaodhani nadai posho. Sidai posho. Posho za semina zimefanya uharibifu wa kutosha. Zimewazoesha watumishi kuupima mradi kwa siku za kusafiri badala ya siku za kazi. Ninachodai ni kwamba kazi ihesabiwe kuwa kazi. Kipindi cha bustani kiingie kwenye ratiba, kihesabiwe katika mzigo wa vipindi vya mwalimu, kiandaliwe na kukaguliwa kama kipindi kingine chochote. Jambo lisilo na saa katika ratiba ya shule halipo shuleni, hata kama liko kwenye tovuti kumi.

Isitoshe, jembe la shule lina historia, na mwalimu anaijua kwa sababu imepita mgongoni mwake. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilizunguka Afrika Mashariki na kupendekeza kwamba elimu ya Mwafrika ifungamanishwe na maisha ya kijijini, kilimo kikiwa mbele. Waafrika wengi walilipokea pendekezo hilo kwa shaka, na shaka yao haikuwa ya kipumbavu. Waliona kwamba mtoto wa mtawala hafundishwi jembe, na kwamba njia ya kwenda ofisini hupitia kwenye kalamu. Jembe likaonekana kuwa uzio wa kumzuia mtoto wao asitoke alipo.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alijaribu kuligeuza jembe hilo maana. Katika Elimu ya Kujitegemea alitaka shule iwe jumuiya inayoishi kwa kazi yake, yenye shamba au karakana ambayo ni sehemu ya masomo yenyewe. Wengi wetu tunakumbuka shamba, tumesahau masharti. Alitaka wanafunzi washiriki katika kupanga na kuamua. Alitaka hesabu za shamba zitunzwe na zijulikane. Alitaka wanaotoa jasho waone faida ya jasho lao katika maisha yao ya shuleni. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likasisitiza tena muungano wa kazi na masomo, na shule zikatakiwa kuchangia gharama za kujiendesha. Mahali fulani katika safari hiyo masharti yalianguka njiani, jembe likabaki peke yake.

Na jembe lililobaki peke yake likawa adhabu. Aliyechelewa namba, akalime. Aliyepiga kelele, akafyeke. Aliyesahau sare, akachote maji. Wapo pia walimu, na tusiwafiche, waliowapeleka watoto wa wenzao kupalilia mashamba yao binafsi, na wazazi hawajasahau. Mtoto aliyefundishwa kwa miaka saba kwamba kulima ni malipo ya makosa hawezi kutushangaza akikua, akawa mwalimu, akaletewa bustani na kuambiwa aifurahie. Walimu wa leo ndio waliofyeka jana. Mradi unaotaka kuwavuta bila kuligusa jeraha hilo unazungumza na watu ambao haujajishughulisha kuwajua.

Sharti la kwanza la mradi wowote wa bustani za shule, kwa hiyo, linapaswa kuandikwa na kutiwa sahihi na mwalimu mkuu na kamati ya shule: katika bustani hii hakuna mwanafunzi atakayefanya kazi kwa sababu ya kosa. Sharti hilo halina gharama yoyote. Sijaliona katika rasimu ya tovuti mpya.

Tuje kwenye ahadi. Bustani hizi hunadiwa kwamba zitalisha watoto. Ahadi hiyo ni tamu, na ndiyo inayofungua mifuko ya wahisani. Mwalimu wa Hisabati akiisikia, hupiga hesabu kimyakimya, nasi tuipige naye. Shule ina wanafunzi 600. Kila mmoja apate gramu 80 za mboga mbichi kwa siku. Hizo ni kilo 48 kila siku ya shule. Mchicha ukitunzwa vizuri, tukadirie kilo mbili kwa mita moja ya mraba. Tunahitaji kuvuna mita 24 za mraba kila siku. Mchicha huchukua karibu wiki nne hadi kuvunwa, yaani siku 20 za shule, hivyo yanahitajika matuta 20 ya ukubwa huo yanayopokezana: mita za mraba 480. Wakati wa kiangazi mita moja ya mraba huhitaji kama lita tano za maji kwa siku. Hizo ni lita 2,400 kila siku, ndoo 120 za lita ishirini, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Nani atazibeba? Tunajua nani atazibeba. Atazibeba mtoto wa kike wa darasa la tano kabla ya kipindi cha kwanza, na mzazi wake ndiye atakayefuata shuleni kumuuliza mwalimu, hatamuuliza msanifu wa tovuti.

Si siri kwamba hesabu hii ni ngumu. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, ambalo kwa miaka mingi limetoa miongozo ya bustani za shule, limeweka mkazo kwenye bustani kama mahali pa kujifunzia kilimo, lishe na mazingira kuliko kama chanzo cha chakula cha shule nzima. Bustani ya kujifunzia ni ndogo. Mita 20 za mraba zinatosha kwa darasa moja kuotesha mbegu, kupima ukuaji, kulinganisha samadi na mboji, kuhesabu gharama na mavuno, na kupika mara moja kwa wiki mboga ambazo watoto wamezilea wenyewe. Mita 20 za mraba zinahitaji lita 100 kwa siku, yaani ndoo tano. Mwalimu anaweza kukubali ndoo tano. Hawezi kukubali ndoo 120, na ana haki.

Na hizo ndoo tano zinaweza kutoka kwenye paa la shule. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya paa lenye mita za mraba 100 huleta lita 100 za maji. Dodoma ni mkoa mkavu, lakini hata tukihesabu milimita 500 tu kwa mwaka, na tukakubali kwamba moja ya tano itapotea kwenye mifereji, paa hilo hukusanya lita 40,000. Tatizo ni mahali pa kuyaweka. Tanki la lita 10,000 likijaa mwishoni mwa msimu wa mvua huitunza bustani ya mita 20 za mraba kwa siku 100 za kiangazi. Bati lipo. Mvua, ingawa ni chache, ipo. Kinachokosekana ni mifereji na tanki, na fedha za vitu hivyo zimekwenda kwenye nembo, fulana na sasa tovuti. Nikisema mwalimu amekosa maji, si fumbo. Nina maana ya maji.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa ofisini halioni kwa urahisi: kalenda ya shule haikupangwa na mkulima. Katika mikoa yenye msimu mmoja wa mvua, kama Dodoma na Singida, mvua huanza kushika kati ya mwishoni mwa Novemba na Desemba. Huo ndio wakati wa kupanda, na huo ndio wakati shule zinafungwa. Zinapofunguliwa Januari, mkulima wa kijiji kizima ameshapalilia mara ya kwanza, na shamba la shule ndiyo kwanza linatafutiwa majembe. Katika mikoa yenye masika na vuli, kama Tanga na Kilimanjaro, likizo ya Juni huja masika yakiwa yamekwisha na ardhi ikianza kukauka, wakati matuta yanahitaji mkono kila siku. Mradi tunaouzungumzia una kalenda moja ya upandaji kwa nchi nzima. Mwalimu wa Singida akiisoma, anajua papo hapo kwamba walioiandika hawajawahi kukaa naye msimu mmoja.

Tiba ipo na ni ya kiungwana: panda kinachoendana na kalenda. Matembele hupandwa kwa vikonyo, hustahimili ukavu kuliko mchicha, na yakishashika hayafi kwa likizo ya wiki chache. Mlonge ukishakuwa mti hauulizi kama shule imefungwa. Mnafu na majani ya maboga yanajulikana jikoni kwa kila mama. Karoti ya kwenye picha hupendeza machoni, lakini hutaka udongo laini na maji ya mfululizo, na sijui ni kijiji gani cha Singida kiliulizwa kikachagua karoti.

Swali la mavuno ndilo nyeti kuliko yote. Tangu Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulipofuta ada na michango ya lazima, mwalimu mkuu wa shule ya msingi hutegemea sana ruzuku ya uendeshaji, ambayo tangu MMEM ilipoanza mwaka 2002 ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Pembeni mwa umaskini huo, bustani huanza kuonekana kama mfuko wa dharura: chaki zimekwisha, uza mboga, mgeni anakuja, chuma mboga. Nani anaandika? Mara nyingi hakuna. Mboga zikiishia ofisi ya walimu, watoto huona. Zikiuzwa na fedha zisisomwe kwenye mkutano wa wazazi, wazazi huona. Mwalimu mwenye kujiheshimu hukwepa kusimamia mali isiyo na daftari, kwa kuwa anajua siku ya lawama jina lake litakuwa la kwanza. Kukaa kwake mbali, ambako waandaaji wanakuita kukosa hamasa, ni busara ya mtumishi wa umma.

Ubao mmoja mweusi ungetosha kuanza. Upande mmoja kiasi kilichovunwa, upande wa pili kilikokwenda, na wanafunzi wenyewe ndio waandishi. Hapo Hisabati imefundishwa, Uraia umefundishwa, na mwalimu amelindwa. Bustani pia isikabidhiwe mtu mmoja. Tunajua jinsi inavyokuwa: mwalimu mmoja mwenye moyo huianzisha, inastawi, anapata uhamisho, na mwezi wa pili mbuzi wanalala humo. Bustani yenye walimu wawili, kamati ya wanafunzi na daftari linalokabidhiwa kama rejista ya darasa huvuka uhamisho.

Najua nitakayojibiwa. Nitaambiwa kwingineko bustani za shule zimefanikiwa, na zina tovuti nzuri sana. Ni kweli. Mfano unaotajwa zaidi ni Edible Schoolyard ya Berkeley, California, iliyoanzishwa mwaka 1995 na mpishi Alice Waters katika shule ya Martin Luther King Jr. Picha zake zinapendeza mno. Ila bustani hiyo ya ekari moja ina wafanyakazi wake wanaolipwa, na masomo ya bustani na ya jikoni yamo ndani ya siku ya shule. Sisi tumeiga picha, tukaiacha ratiba na mishahara. Karibu zaidi nasi, Kenya ina vilabu vya 4-K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilivyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1960. Baada ya kufifia kwa miaka mingi, vilizinduliwa upya mwaka 2021. Uzinduzi una siku yake moja na bendi yake. Linaloamua ni Jumatatu inayofuata: kama kuna mwalimu mwenye kipindi, mwenye maji na mwenye sababu ya kwenda shambani.

Uganda inatupa funzo la karibu zaidi. Mtaalamu wa kilimo Edie Mukiibi, aliyesoma Makerere, alianza kazi ya bustani katika shule za eneo la Mukono katika miaka ya 2000. Amekuwa akieleza jinsi jembe lilivyotumiwa shuleni kuwa adhabu, na jinsi hilo lilivyowafanya vijana wakichukie kilimo. Yaani alianzia kwenye jeraha. Mwaka 2022 alichaguliwa kuwa rais wa harakati za kimataifa za Slow Food. Yapo ya kujifunza kwa mtu aliyeanza kwa kuuliza kwa nini watoto wanalikimbia shamba, kabla ya kuuliza tangazo liwe na rangi gani.

Je, nasema tovuti isiguswe? Hapana. Mwalimu anastahili chombo kizuri, na kama fedha za tovuti zimefungwa kwa kazi hiyo na haziwezi kununua tanki, basi zitumike kwa heshima. Tovuti hiyo ifunguke kwenye simu ya bei ndogo na isile bando. Picha moja inatosha. Iwe kwa Kiswahili kuanzia neno la kwanza, isiwe ya Kiingereza yenye kona ya Kiswahili. Imuulize mwalimu yuko mkoa gani, impe kalenda ya mvua za mkoa huo pamoja na tarehe za likizo. Impe andalio la somo lililokamilika, lenye umahiri unaotajwa katika mtaala ulioanza kutumika Januari 2024: kipindi cha Sayansi juu ya kuota kwa mbegu, kipindi cha Hisabati juu ya eneo na mzingo wa tuta, kipindi cha kutunza kumbukumbu za mapato na matumizi. Aweze kulichapa na kuliweka kwenye jalada, mkaguzi akija alione. Hapo bustani itakuwa imempunguzia kazi badala ya kumwongezea.

Na kuwe na ukurasa wa vilivyokufa. Walimu waandike, bila picha na bila majina kama wanataka, kilichopandwa kikafa na sababu yake: maji yalikatika, mbuzi waliingia, mwalimu alihamishwa, mboga ziliibwa, mbegu hazikuota. Mwalimu humwamini mwalimu mwenzake anayemweleza alikokwama kuliko anavyoziamini picha mia za karoti. Waandaaji waliniambia ukurasa wa namna hiyo utawakatisha tamaa wafadhili. Jibu hilo ndilo lililonithibitishia tovuti ni ya nani.

Kwa wanafunzi wangu wa ualimu wanaosoma haya: mtapelekwa kwenye shule zenye bustani za namna hii, na mtaombwa, kwa kuwa ni vijana na wageni, mzisimamie. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lipokeeni jembe, lakini ulizeni kwanza liko kwenye kipindi gani, maji yako wapi, na daftari la mavuno analo nani. Kuuliza hivyo si ukaidi. Ndiyo taaluma yenyewe.

Kwa wanaharakati: acheni kuhesabu shule zilizofikiwa. Shule iliyofikiwa ni shule ambayo gari limesimama. Hesabuni bustani zilizo hai mwaka wa tatu, baada ya mwalimu wa kwanza kuhama na mfadhili wa kwanza kuondoka. Idadi itakuwa ndogo, nayo itakuwa ya kweli, na mtakapomwonyesha mwalimu idadi hiyo atawasikiliza.

Kwa watumishi wa umma, hasa mlioko halmashauri na TAMISEMI: mkondo wa amali umeingia katika sekondari zetu, na kilimo ni sehemu yake. Hatuwezi kumtaka kijana wa kidato cha kwanza akichague kilimo kwa hiari ilhali tulimfundisha shule ya msingi kwamba ni kifungo. Barua moja ya kupiga marufuku jembe kuwa adhabu, agizo moja la kuiweka bustani kwenye ratiba, na kifungu kimoja cha bajeti cha mifereji na matanki vitafanya kile ambacho hakuna msanifu wa tovuti anayeweza kukifanya, hata awe hodari namna gani. Afisa ugani wa kata yuko hapohapo kwenye kata. Apangiwe siku moja kwa mwezi shuleni, iandikwe kwenye majukumu yake.

Kuvuta ni kitenzi cha sokoni na cha uvuvi. Mwalimu si mteja, na si samaki. Ni mtumishi mwenye akili timamu, ambaye amekwisha kutupa jibu lake kwa kutokuja. Mpeni vipindi viwili kwa wiki, tanki la lita 10,000 na daftari la mavuno. Asipokuja baada ya hapo, niiteni tena tuzungumze habari za tovuti.